Mama Ampakataye Mwana

Katekumeni aingiapo kanisani kwa mara ya kwanza huona altare, huona msalaba, na pembeni huona sanamu ya mama aliyempakata mtoto. Juu ya altare na juu ya msalaba katekista amekwisha kumfundisha. Lakini mama yule hukaa kimya, na katekumeni hurudi nyumbani na swali moyoni, ambalo pengine haya humzuia asiliulize: Mbona babu yake aliambiwa aziache sanamu zake, kumbe Wakristu nao wanazo? Tena jirani wa dhehebu jingine humcheka waziwazi, akisema ya kuwa Wakatoliki huabudu mti na chokaa.

Swali hilo si la upuzi. Zamani liliwagawanya Wakristu, hata wakafungana gerezani na kufukuzana. Mtu abatizwaye bila kujibiwa ni kama mwenye mwiba mguuni: atatembea, lakini atachechemea. Basi yafaa kuzitazama sanamu zenyewe, jinsi zilivyotokea, na yale waliyotaka kuyasema watu waliozifanya.

Katika makaburi ya Roma

Mjini Roma, chini ya njia ya kale iitwayo Via Salaria, yako mashimo marefu yaliyochimbwa katika mwamba laini. Ni makaburi ya Wakristu wa kwanza, nayo huitwa katakombe ya Priscilla. Njia zake, zikipimwa zote pamoja, zafikia kilometa 13 hivi. Humo ndani, juu ya kaburi moja, yuko mama aliyechorwa kwa rangi katika karne ya 3. Ameketi, ameinamisha kichwa kidogo, na mtoto yu kifuani pake, naye amegeuza uso kama mtoto aliyesikia mtu akiingia mlangoni. Kando yao amesimama mwanamume, na kidole chake chaonyesha nyota. Wataalamu wengi husema ni nabii Balaamu, yule aliyetabiri ya kuwa nyota itatokea katika Yakobo. Kama ndivyo, mama huyo ni Bikira Maria, na picha hiyo ni ya kale kuliko picha zake zote zijulikanazo. Si kubwa, na rangi yake imefifia. Mtu apitaye haraka hataiona.

Katika katakombe hiyohiyo kiko chumba kingine. Katikati yake amechorwa mwanamke aliyejifunika kitambaa kichwani, ameinua mikono akisali. Upande wa kuume wake yuko mama ameketi, ameshika mtoto mchanga. Wengi hudhani ya kuwa wote wawili ni mtu mmoja, yaani mwanamke aliyezikwa pale: huku wamemchora katika uzazi wake, na katikati wamemchora katika sala. Jina lake halijulikani. Jamaa zake walipotaka kukumbuka maisha yake hawakuchora mali wala nyumba.

Picha hizo zilichorwa makaburini, gizani, mahali pasipoonekana kitu bila taa. Hazikuwekwa sokoni ili watu wazishangae. Waliofiwa walishuka na taa zao, wakamwona mama na mtoto, wakapanda tena kwenye jua. Tangu mwanzo, basi, sanamu ya mama katika Eklezya haikuwa pambo. Ilikuwa karibu na kifo na machozi.

Kiti cha Hekima

Mwaka wa 431 maaskofu walikusanyika mjini Efeso, katika nchi iitwayo sasa Uturuki. Nestori, askofu wa Konstantinopoli, alikuwa akifundisha ya kuwa haifai kumwita Maria Mama wa Mungu, ila aitwe Mama wa Kristu, basi. Mtaguso ukakataa. Sababu yake hata mtu asiyejua kusoma aweza kuifahamu. Mwanamke wa kijijini akijifungua hasemi, nimezaa mwili wa Kabeya. Husema, nimemzaa Kabeya. Mama huzaa mtu, wala hazai mwili peke yake. Na aliyezaliwa na Maria ni nani? Ni Mwana wa Mungu mwenyewe, aliyetwaa mwili wetu. Kwa hiyo mama yake ni Mama wa Mungu. Si kwamba Mungu alianza kwake, bali kwamba Mungu alikubali kuzaliwa naye.

Baada ya Efeso sanamu na picha za mama huyo zikaenea. Huko Roma Baba Mtakatifu Sixtus wa 3, aliyeongoza Eklezya tangu 432 hata 440, alilipamba kanisa kubwa la Santa Maria kwa picha zilizotengenezwa kwa vijiwe vidogo vya rangi, na Maria amevikwa humo kama mwanamke wa nyumba ya kifalme. Tangu hapo, kwa muda wa miaka mamia, wachoraji na wachongaji hawakumwonyesha Maria akicheka na mtoto wala akimbembeleza. Walimketisha wima. Katika milima ya Auvergne, nchi ya Ufaransa, makanisa ya vijiji bado yana sanamu za miti zilizochongwa katika karne ya 12: mama ameketi kitini, uso wake mgumu, anatazama mbele, mtoto ameketi juu ya magoti yake, naye anatazama mbele, na uso wake ni kama wa mtu mzima. Mgeni asiyefundishwa husema mchongaji hakujua kazi. Alijua sana. Alitaka kusema ya kuwa mtoto huyo ni mfalme, na mama yake ni kiti chake. Ndiyo maana katika litania Maria huitwa Kiti cha Hekima.

Wakatekumeni wa nchi ya Waluba, upande wa Katanga, hawatapata taabu kufahamu jambo hilo. Wachongaji wa Kiluba walitengeneza viti vya wakubwa ambavyo chini yake yuko mwanamke, amepiga magoti au amesimama, naye amekibeba kiti kwa kichwa na kwa ncha za vidole. Mwanamke huyo hakuwekwa pale kwa kudharauliwa. Waluba walijua ya kuwa ufalme hubebwa na mwanamke, na kwamba nguvu ya mfalme hukaa salama ndani yake. Viti hivyo na sanamu za Auvergne si kitu kimoja, na asitokee mtu kuvichanganya. Lakini mikono iliyovichonga ilikuwa na wazo lililo jirani.

Vita vya sanamu

Tangu mwaka wa 726 hivi, Kaisari Leo wa 3 wa Konstantinopoli alianza kuzipinga sanamu takatifu, na baada yake mwanawe alizidisha ukali. Picha zikafutwa kutani, wamonaki wakafungwa na wengine wakauawa. Waliozikataa walishika amri ya Mungu katika kitabu cha Kutoka, ikatazayo kujifanyia sanamu na kuiabudu. Amri hiyo ni ya kweli, wala Eklezya haijaifuta.

Aliyewajibu vema kuliko wote ni Mtakatifu Yohane wa Damasko. Aliishi katika nchi iliyotawaliwa na Waislamu, hivyo mkono wa kaisari haukumfikia. Alisema kwa namna hii: Hapo kale Mungu hakuwa na uso uonekanao, kwa hiyo aliyemchora alidanganya. Sasa Mungu amekuwa mtu. Amepakatwa, amenyonya, amevaa nguo, ameonekana kwa macho ya watu. Aliyeonekana aweza kuchorwa. Nao maaskofu waliokusanyika Nisea mwaka wa 787 wakathibitisha ya kuwa kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Sanamu hupewa heshima tu, na heshima hiyo haikai katika mti au rangi, bali humwendea yule aliyechorwa. Ugomvi uliwaka tena baadaye, ukaisha kabisa mwaka wa 843.

Mama ambaye mwanawe amekwenda kufanya kazi katika migodi ya Kolwezi huitunza picha yake. Huipangusa vumbi, huionyesha kwa wageni, na usiku wa mashaka pengine huibusu. Lakini haipikii bukari. Anajua ya kuwa mwanawe yuko Kolwezi, hayuko katika karatasi. Heshima ya Mkristu mbele ya sanamu ni ya namna hiyo.

Hata hivyo katekumeni asifikiri ya kuwa hatari imekwisha kwa sababu tu maaskofu wamesema. Mungu mwenyewe alimwamuru Musa kutengeneza nyoka wa shaba jangwani, na waliomtazama wakapona. Miaka mingi baadaye Waisraeli walianza kumfukizia ubani nyoka yuleyule, ndipo mfalme Hezekia akamvunja vipande, na Maandiko yanamsifu. Kitu kilikuwa kilekile, moyo wa watu ndio uliobadilika. Katika vijiji vingine wako Wakristu, tena waliobatizwa siku nyingi, ambao hukwangua rangi ya sanamu ya Mama Maria wakaitia katika maji ya mtoto mgonjwa, au humfunga mtoto medali shingoni na kuacha kumpeleka penye daktari. Hao wamerudi kwa nyoka wa Hezekia. Medali si hirizi. Mama mwenye imani humfunga mtoto medali, kisha humbeba mgongoni na kwenda naye dispensari.

Mama wa Mayombe

Upande wa magharibi wa Kongo, karibu na Bahari ya Atlantiki, iko misitu ya Mayombe. Wachongaji wa huko, hasa katika karne ya 19, walifanya sanamu za mama na mtoto ambazo leo hutazamwa kwa mshangao katika nchi nyingi. Huitwa pfemba. Si kubwa; nyingi zaweza kubebwa kwa mkono mmoja. Mama ameketi amekunja miguu. Meno yake yamechongwa, mabega na mgongo vina chale zilizopangwa vizuri, shingoni ana shanga, na mara nyingi kichwani ana kofia ya wakubwa. Mkono mmoja humshika mtoto. Macho yake hayamtazami mtoto. Yanatazama mbele, mbali, kama macho ya wale mama wa Auvergne. Na mtoto? Katika sanamu nyingine ananyonya. Katika nyingine amelala mapajani kimya, amenyooka, hata wataalamu wengine wameuliza kama mtoto yule yu hai.

Yamesemwa mengi juu yao. Mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka wa 1491, na tangu wakati huo sanamu za Bikira Maria zilionekana katika nchi ile. Kwa hiyo wengine hudhani ya kuwa wachongaji wa Mayombe walijifunza kwao. Wengine hukataa, nao wana haki ya kukataa, maana mama anayempakata mtoto yuko mbele ya mlango wa kila nyumba, wala mchongaji hana haja ya kungoja meli ili amwone. Lililo wazi zaidi ni kwamba wanawake waliotafuta uzazi, au walioogopa kujifungua, walizitegemea baadhi ya sanamu hizo.

Mapadri wa zamani hawakuwa na nia moja juu ya vitu vya namna hii. Wako waliovichoma. Wako pia kama Padri Leo Bittremieux wa shirika la Scheut, aliyeishi miaka mingi kwa Wayombe, akaandika desturi zao na kukusanya vitu vyao, ambavyo vingi vilipelekwa Ubelgiji. Hivi sanamu za akina mama wa Kongo zimekaa ndani ya vioo huko Tervuren, karibu na Bruseli, na watoto wengi wa Mayombe hawajaziona kamwe. Waliochoma walidhani wanachoma uongo. Pengine walichoma uongo kweli. Lakini pamoja nao walichoma pia kilio cha mwanamke asiyezaa, na kilio hicho hakikuwa cha uongo. Hana, mama wa Samweli, alilia mbele ya Bwana mpaka kuhani akamdhania amelewa. Mungu hakumkemea, bali alimsikia.

Mwanamke katekumeni ambaye hajapata mtoto, na ambaye jamaa za mume humsukuma kila siku aende kwa mganga, anayaelewa maneno haya kuliko mtu yeyote. Eklezya haimwambii ya kuwa shida yake ni ndogo. Haimwambii wala ya kuwa akiwasha mshumaa mbele ya Mama Maria atapata mimba mwezi ujao. Atakayemwahidi hivyo amegeuka mganga mwenye rozari. Humwambia aache kuutegemea mti, alie kama Hana, aende pia hospitali pamoja na mumewe, kwa kuwa kasoro yaweza kuwa ya mume. Na ajue ya kuwa ndoa yake ni ndoa kamili, awe na mtoto au asiwe naye.

Maziwa

Mjini Siena, katika Italia, mchoraji Ambrogio Lorenzetti alimchora Maria akinyonyesha, karibu na mwaka wa 1325. Mtoto ananyonya kwa pupa, mguu mmoja waukanyaga mkono wa mama au kupiga hewani, na jicho lake lamtazama mtu anayemtazama. Picha za namna hiyo zilikuwa nyingi siku zile. Baada ya Mtaguso wa Trento kuagiza mwaka wa 1563 ya kuwa picha za kanisani ziwe za adabu, zilipungua. Mama wa kijijini anyonyeshaye wakati wa misa, wala hakuna amtazamaye, atashangaa kusikia ya kuwa hilo liliwahi kuwa jambo la kuonewa haya.

Mama na Mwana aliyekufa

Evanjili ya Mtakatifu Yohane yasimulia ya kuwa mama yake Yezu alisimama karibu na msalaba. Haisemi ya kuwa alimpakata alipoteremshwa. Jambo hilo Wakristu wamelitambua kwa moyo, kwa maana mama gani angekataa? Wachongaji wa Udachi walianza kulichonga karibu na mwaka wa 1300, nao walimchonga Yezu amekonda vibaya na madonda yake wazi, kwa ajili ya watu waliojua njaa na magonjwa.

Sanamu iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Michelangelo, katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Kardinali mmoja Mfaransa aliiagiza mwaka wa 1498, na mwaka uliofuata ilikuwa tayari. Mchongaji hakuwa na umri zaidi ya miaka 24. Jiwe ni marmari nyeupe ya Carrara. Michelangelo alifiwa na mama yake akiwa na miaka sita, na hapo awali alikuwa amelelewa kwa maziwa ya mke wa fundi wa mawe. Mwenyewe alisema kwa mzaha ya kuwa patasi na nyundo alizinyonya pamoja na maziwa hayo.

Mchongaji alikuwa na shida ambayo kila mama anaifahamu: mwanamume mzima hapakatiki. Magoti ya mwanamke hayamtoshi. Michelangelo alimfanya Maria kuwa mkubwa kuliko Mwanawe, akauficha ukubwa huo katika mikunjo ya nguo pana, hata mtazamaji haoni. Haoni ila mama aliyempakata mtoto, kama zamani Betlehemu, isipokuwa mtoto sasa ana alama za misumari. Mkono wa kuume wa mama unamshikilia. Mkono wa kushoto umefunguka, kiganja juu, hauna kitu. Wengine walinung'unika ya kuwa uso wake ni wa kijana mno kwa mama wa mwana wa miaka zaidi ya 30. Michelangelo alijibu ya kuwa usafi wa moyo hulinda uso. Yafaa kuongeza ya kuwa mama aliyefiwa humkumbuka mwanawe akiwa mchanga, na siku hiyo hurudi kuwa mama wa mtoto mchanga.

Siku ya Pentekoste, tarehe 21 Mei 1972, mtu mmoja aliruka uzio akaipiga sanamu hiyo kwa nyundo. Mkono wa kushoto ulivunjika, na pua pia. Mafundi waliunganisha vipande kwa uvumilivu mwingi, na tangu hapo imewekwa nyuma ya kioo. Watu walilia. Lakini hakuna Mkristu aliyesema ya kuwa Mama wa Mungu ameumizwa. Iliyoumizwa ni kazi ya mkono wa mtu. Katekumeni anayeulizwa tena na jirani yake kama Wakatoliki huabudu mawe, na amsimulie habari hiyo.

Yuko pia mwanamke mchongaji, Käthe Kollwitz wa Udachi, ambaye hakuwa Mkatoliki. Mwanawe Peter aliuawa vitani katika Ubelgiji mwezi wa Oktoba 1914, umri wake miaka 18. Mama alijitaabisha miaka mingi kutafuta sanamu itakayofaa kaburi lake, akaifanya na kuivunja, mpaka mwaka wa 1932 ilipowekwa. Leo iko Vladslo, penye makaburi ya askari wa Udachi. Si moja, ni mbili: baba amepiga magoti, mikono ameikunja kwa nguvu, mama amepiga magoti, ameinama hata uso hauonekani vema. Nyuso zao ni za mume wake na yeye mwenyewe. Hakuna mtoto mapajani. Mtoto amelala mbele yao, chini ya udongo, pamoja na maelfu ya wengine.

Katika mashariki ya Kongo vita viliwaka mwaka wa 1996, vikawaka tena mwaka wa 1998, na baada ya hapo havikukoma kabisa. Wako akina mama waliompakata mwana aliyekufa kando ya njia, na wako wengine ambao hawakupata hata mwili wa kuzika. Ijumaa za Kwaresima, waamini wanapofuata Njia ya Msalaba, hufika kituo cha kumi na tatu, ambapo Yezu ateremshwa msalabani na kuwekwa mikononi mwa mama yake. Picha ya kituo hicho katika makanisa mengi ni karatasi tu, imepauka kwa jua, na pembe moja imeliwa na mchwa. Wimbo humalizika, watu huenda kwenye kituo cha kumi na nne, na pengine mama mmoja hubaki nyuma. Katekista asimwite.

Maulizo ya somo. Katika katakombe ya Priscilla, yule mwanamume karibu na mama na mtoto aonyesha nini? Kwa nini mfalme Hezekia alivunja kitu ambacho Mungu aliamuru kitengenezwe? Mtu akiweka medali chini ya kitanda ili wezi wasiingie, atofautiana wapi na mama wa Kolwezi mwenye picha ya mwanawe? Katika kijiji chenu, je, bado yuko mchongaji, na nani anajifunza kwake?